Fomu za Moshi

Klementina alikuwa bibi shamba wa Mchombe, kijiji cha bonde la Kilombero, kwa miaka kumi na mitatu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupewa kazi ya ajabu kama ile ya Juni, mwaka tisini na saba. Alitumwa kuhesabu moshi.

Fomu zilikuja kwa treni ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na barua yenye mihuri miwili. Barua ilisema nchi inaandaa hesabu ya hewa chafu inayotokana na shughuli za watu wake. Ziandikwe ekari za mpunga unaosimama majini, kwa kuwa tope lake hutoa gesi. Waandikwe ng'ombe, kwa kuwa wanacheua. Yaandikwe matanuri ya mkaa, mashamba yanayochomwa moto kabla ya kulimwa, matrekta na mashine za kukoboa. Mwezi Desemba wakubwa wa dunia wangekutana Japani kuzungumzia moshi unaojaa angani na joto linalokuja nao, na Tanzania haikutaka kwenda mikono mitupu. Kila kaya fomu moja, nakala mbili, moja ibaki kwa bibi shamba. Kazi ya siku kumi, barua ilisema. Aliyeiandika hakuwahi kuingia kwenye uwanja wa mkulima na karatasi mkononi.

Maana kijiji kizima kilijua fomu ni nini. Fomu ni kodi. Ukiandikwa ekari nne, mwakani mtu wa ushuru anakuja na mkoba wake. Ukiandikwa ng'ombe thelathini, anakuja na mgambo wawili. Klementina aliwaeleza kwamba safari hii ni habari ya moshi tu, na watu wakamwitikia kwa adabu, "Ndiyo, bibi shamba, tumekuelewa," kisha kila mmoja akajipunguza. Ekari tano zikawa moja na nusu. Matanuri ya mkaa yakatoweka kabisa, ingawa moshi wake ulionekana nyuma ya bega la msemaji. Kijiji kilinyauka mbele ya kalamu yake, kaya baada ya kaya, na yeye akaandika walivyosema.

Kwa Masanja alifika siku ya nne. Masanja alikuwa Msukuma, amehamia bondeni miaka saba nyuma na ng'ombe wake, akajenga kitongoji cha Mtoni, ambako wenyeji walimpokea nusu kwa ukarimu na nusu kwa mashaka. Mkewe Kabula alileta kigoda, akapiga goti kidogo, akamwita mama na kumsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Salama, Kabula. Nimekuja na yale makaratasi."

Klementina hakuhitaji kuuliza. Shamba la mpunga la Masanja lilikuwa la ekari nane; majaruba yake aliyapima yeye mwenyewe kwa miguu, akimfundisha kupanda kwa mistari. Ng'ombe walikuwa wamezidi sitini. Lakini aliuliza, kwa sababu fomu ilitaka jibu la mwenye mali.

"Ekari moja," alisema Masanja, akitazama pembeni. "Ng'ombe wanne."

"Na watu wa kaya hii? Watoto wangapi?"

Hapo Masanja alimgeukia mkewe. Kabula ndiye aliyejibu, taratibu, kama mtu anayemsaidia mgeni asijikwae. "Watoto hatuwahesabu, mayu. Ukiwahesabu unawaita wapungue. Andika kwamba wapo."

Walikuwepo kweli. Walijaa uwanjani, na mdogo wao, Nelly, mtoto wa miaka miwili mwenye kitovu kikubwa, alikuwa ameshika sketi ya Klementina na anajaribu kula kona ya fomu. Klementina hakumshangaa Kabula. Kwa mama yake mzazi watoto pia hawakuhesabiwa. Akaandika ekari moja, ng'ombe wanne, na kwenye watu wa kaya akaandika: wapo. Kwa nyumba nyingine nyingi safu hiyo aliiacha tupu.

Tuseme ukweli, hakuandika uongo ule kwa huruma peke yake. Kulikuwa na fahari ndani yake. Alidhani moshi ni uchafu, na kijiji chenye moshi kidogo ni kijiji kisafi, kitasifiwa huko Japani. Alizitazama zile namba ndogondogo akajisikia kama mwalimu ambaye wanafunzi wake wote wamepiga kiwi viatu.

Mtu mmoja tu hakujipunguza. Mzee Eustaki, mwenye trekta na mashine ya kukoboa mpunga, alimkaribisha sebuleni, akamwagiza binti yake alete chai, akavaa miwani. Alilima ekari arobaini. "Andika sitini," alisema. "Andika trekta, andika mashine, andika na pikipiki. Mimi sijifichi, mwanangu. Mtu asiyeandikwa nani atamjua?"

Klementina alicheka njia nzima kurudi nyumbani. Alimsimulia mama yake, Bibi Serafina, jinsi mzee alivyojisifia uchafu.

*

Mwezi Oktoba mabibi na mabwana shamba waliitwa Ifakara, kwenye ukumbi wa parokia, kusikiliza matokeo. Mtaalamu aliyetoka Dar es Salaam aliitwa Marcelino, kijana wa Mahenge aliyesoma nje, mwenye sauti ya upole na suruali iliyopigwa pasi vizuri mno kwa vumbi la Ifakara. Alichora duara ubaoni. Hili, alisema, ni anga letu. Akapaka chaki sehemu kubwa ya duara. Huu ni moshi ambao nchi tajiri zimeshautia kwa miaka mia na zaidi, kwa viwanda vyao na magari yao. Kisha akaonyesha kipande kidogo kilichobaki cheusi.

"Nafasi iliyobaki ni hii. Ikijaa, joto litapanda na mvua hazitakuwa zile mnazozijua. Sasa swali ni hili: nani atumie kilichobaki?"

Wapo waliosema kigawanywe kwa vichwa, alieleza, kila mwanadamu fungu sawa, Mmarekani na Mndamba. Lakini wenye nguvu walitaka kila nchi ianzie pale ilipokuwa mwaka tisini. Aliyekuwa akitoa moshi mwingi aendelee na mwingi, apunguze kidogo tu. Kipimo cha mtu kiwe alichokuwa akitumia.

Klementina alinyoosha mkono. Alisimulia jinsi mama yake alivyomwambia habari za bwawa la mwisho. Kiangazi mto ulipopungua, samaki walibaki kwenye mabwawa, na mabwawa yalikauka moja moja mpaka likabaki moja. Hilo halikuvuliwa na mtu binafsi. Kila nyumba ilileta mabakuli, bakuli moja kwa mdomo mmoja, yakapangwa mstari kwenye majani. Hakuna aliyetaja watoto wala kuwahesabu, yalihesabiwa mabakuli. Na yule ambaye uzio wake wa kunasia samaki ulikuwa umeziba mfereji msimu mzima, akala akashiba, mabakuli yake yalipangwa mwisho wa mstari.

Marcelino alifurahi sana. Aliandika yote kwenye daftari lake. "Mfano mzuri mno, mama. Mzuri mno."

"Na sisi tulioandikwa kidogo," Klementina aliuliza, "tutapewa kiasi gani?"

"Ninyi hamtalazimishwa kupunguza chochote." Marcelino alitabasamu. "Mtapunguza nini?"

Ukumbi ukacheka. Klementina naye alicheka. Kisha akamkumbuka mzee Eustaki na miwani yake. Ikiwa fungu la mtu linatokana na alichoandikiwa, basi kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amewaandikia watu wa Mchombe fungu dogo kuliko walivyo. Alitaka kusimama aseme fomu si za kweli. Lakini wenzake walikuwa wameketi kila upande, soda zimeshagawiwa, na aibu ni kitu kizito. Aliinama akaitazama soda yake mpaka kikao kikafungwa.

*

Mwaka ule ulikuwa umeanza na ukame, kwa hiyo watu waliiona mvua ya Novemba kama wokovu. Kufikia Krismasi hakuna aliyeiita hivyo tena. Wataalamu redioni waliiita El Nino. Redio hiyohiyo ilitangaza kwamba mkutano wa Japani umekwisha, nchi tajiri zimekubaliana kupunguza asilimia chache, zikipima kutoka mwaka tisini. Klementina alisikiliza habari hiyo amesimama juu ya kitanda, kwa sababu maji yalikuwa yameshaingia chumbani. Jirani alimuuliza ni moshi wa nani ulioleta mvua ile, akamjibu kwamba hata wasomi hawawezi kuikamata mvua moja wakaiambia wewe ni ya moshi wa fulani. Hilo lilikuwa jibu la kweli, na halikumsaidia mtu.

Januari mto Kilombero uliacha kuwa mto. Bonde lote likawa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mpunga uliokuwa umefika magotini ulizama, ukaoza. Vihenge vilivyokuwa na akiba ndogo ya mwaka wa ukame viliondoka na maji. Ng'ombe wa Masanja walisombwa mbele ya macho yake. Aliwasukumia saba kwenye kilima kando ya reli, na hao saba walibaki mifupa, hawana hata kikombe cha maziwa. Barabara ya Ifakara ilikatika sehemu nne. Watu walihamia shule ya msingi na tuta la reli, wakala mizizi ya mayungiyungi, wakaanza kuhara.

Mwezi Machi treni ilileta mahindi ya msaada, magunia themanini. Yaliletwa na afisa mmoja anayeitwa Valentino, mtu mwembamba aliyekuwa amegawa chakula vijiji sita kabla ya pale na hakuwa amelala vizuri katika chochote kati ya hivyo. Alitaka orodha ya kaya. Ofisi ya kijiji ilikuwa imezama, daftari la kaya limegeuka uji. Mtendaji alikuna kichwa.

"Mimi ninayo orodha," alisema Klementina.

Aliisema kwa furaha. Nakala zake alikuwa amezifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuzining'iniza darini, na zilikuwa kavu kabisa, kila kaya na jina lake. Akamkabidhi Valentino mikono miwili. Katika maisha yake yote hakulijutia jambo kama alivyojutia kuikabidhi ile nailoni.

Valentino alifungua fomu, akaona safu ya watu imejaa mapengo na maneno kama "wapo", akasogeza kidole kwenye safu iliyojaa vizuri. Ekari. Akaamua kwa haki kama alivyoiona: aliyepoteza shamba kubwa afidiwe zaidi, aliyepoteza dogo apate kidogo. Kila ekari theluthi moja ya gunia. Eustaki, ekari sitini, magunia ishirini. Masanja, ekari moja, theluthi ya gunia kwa watu kumi na mmoja.

Klementina alimshika Valentino mkono. "Afisa, ngoja. Huyu ana watoto wengi."

"Wangapi?"

Akageuka kumtazama Masanja, na Masanja akatazama chini. Kabula pia. Mstari nyuma ulikuwa mrefu, treni ilikuwa inapiga honi. Valentino akaita jina linalofuata.

Usiku ule Klementina alimwambia mama yake, "Nimewaua watu kwa kalamu." Bibi Serafina hakumbembeleza. Alisema tu, "Bado hawajafa. Fanya kitu."

Alifanya alichoweza. Alikwenda kwa mzee Eustaki, akamsalimu shikamoo, akamwomba awakopeshe watu wa Mtoni hata magunia matano. Mzee alimsikiliza vizuri. Alisema ana vibarua, ana ndugu waliokimbilia kwake kutoka Malinyi, ana hofu kwamba mwaka huu wote hautakuwa na mavuno. Alisema pia, na hili hakulisema kwa ubaya, kwamba kila mtu aliulizwa Juni na kila mtu alijibu kwa mdomo wake. Akampa debe moja. Klementina alilibeba kichwani mpaka kwenye tuta la reli, akaligawa kwa nyumba tisa, likaisha siku hiyohiyo.

Nelly alianza kuhara wiki ya pili. Mtoto aliyeshiba angepona. Alizikwa Jumanne, kwenye mwinuko kando ya reli, kwa kuwa makaburi yalikuwa chini ya maji. Klementina alisimama pale, akitazama kiganja cha Kabula kikisawazisha udongo.

*

Alhamisi treni ilirudi na magunia ishirini. Valentino alisema wazi mbele ya watu wote, uwanjani shuleni: hayo ndiyo ya mwisho. Behewa jingine halipo. Yagawanywe vizuri, kwa sababu baada ya haya ni Mungu na mayungiyungi.

Akafungua mfuko wa nailoni.

"Usifungue hizo," alisema Klementina. "Ni za uongo. Nimeziandika mimi."

Uwanja ulikuwa na watu mia tatu na kitu, na ungeweza kusikia maji yakitiririka mtaroni. Valentino alimvuta pembeni, lakini hakuna pembeni mahali ambapo kila mtu ananyamaza.

"Mama, nisikilize. Ukilisema hilo rasmi, mimi siruhusiwi kugawa hata punje. Nafunga magunia, yanarudi Ifakara kwenye behewa hilihili mpaka uhakiki ufanyike. Treni nyingine ni baada ya wiki mbili, kama reli bado ipo. Na wewe kazi huna tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi? Zile fomu ni za uongo, au ni za kweli?"

Hilo ndilo lilikuwa tanzi. Akisema kweli, chakula kinaondoka. Akisema uongo, chakula kinagawanywa kwa uongo. Aliona Kabula amekaa kwenye ngazi ya darasa la tatu, amewakumbatia wawili, na wengine wamelala mapajani mwake kama nguo.

"Usizitumie," alisema. "Si kweli si uongo, ziweke tu. Andika kwamba kijiji kimekubaliana kugawana kwa mabakuli."

"Kimekubaliana chote?"

"Nipe nafasi niwaulize."

Valentino alijifuta uso. "Chote, mama. Akitokea mmoja wa kulalamika mjini, narudi kwenye karatasi."

Wote waligeuka kumtazama mzee Eustaki, hata bila kutajwa. Kwa karatasi angepata magunia matano kati ya yale ishirini, na kwa mabakuli angepata mabakuli sita tu.

Mzee alisimama. Alizungumza kama alivyozungumza siku zote, kwa utaratibu. Alisema yeye amepoteza kuliko wote, na aliyepoteza zaidi kupewa sawa na aliyepoteza kidogo si usawa, ni adhabu ya kufanya kazi. Alisema trekta lake ndilo lililowalimia nusu ya watu waliosimama pale. Yote yalikuwa kweli. Klementina alihisi hasira mpaka masikio yakamuuma, kwa sababu ni vigumu kubishana na mtu anayesema kweli zake zote na kuacha moja tu.

"Mzee wangu," alisema, "trekta ulilima nalo, ukavuna, ukala. Hakuna anayekunyima. Tunazungumzia kilichobaki."

Bibi Serafina alijikongoja mbele na fimbo yake. Alilieleza bwawa la mwisho kwa maneno machache, kwa watu ambao wengi wao waliwahi kusikia kwa bibi zao. Kisha akamgeukia Eustaki. "Baba yako alileta mabakuli, Eustaki. Nilikuwepo. Alikuwa na uzio mkubwa kuliko wote, akakaa mwisho wa mstari, na hakusema kitu."

Mzee Eustaki alivua miwani akaifuta kwenye shati.

"Nakubali," alisema. "Na mwisho wa mstari nitakaa. Lakini kwa sharti. Yale magunia ya kwanza yasizungumzwe tena, leo wala kesho. Yaliyogawanywa yamegawanywa. Tuanzie leo."

Watu walimtazama Klementina. Alifahamu vizuri anachoombwa kukitupa. Magunia ishirini yalikuwa ghalani kwa mtu mmoja, sawa na yale yote yaliyopo uwanjani, na sharti lilikuwa kwamba hayakuwepo kamwe. Aliutazama uso wa Valentino, akaitazama treni.

"Tuanzie leo," alisema.

*

Jumamosi asubuhi mabakuli yalipangwa kwenye uwanja wa shule. Yalikuwepo ya bati, ya plastiki, ya udongo, vibuyu vilivyokatwa, hata kofia moja ya chuma ya mchimba kisima. Mstari ulianza mlangoni kwa mwalimu mkuu, ukazunguka uwanja mara mbili, ukaishia kwenye mlingoti wa bendera, ambapo mzee Eustaki alikuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe nyuma ya mabakuli yake sita mazuri ya maua. Hakuna aliyehesabu watoto. Klementina alishika kopo, vijana wawili wakaburuta gunia nyuma yake. Kila bakuli kopo moja, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mahindi yaishe.

Alipofika kwa Kabula alimimina kwenye bakuli la kwanza, la pili, la tatu. Alipomaliza la kumi akainua macho, na mbele yake palikuwa na moja zaidi. Lilikuwa dogo, la plastiki ya njano, limeng'atwang'atwa ukingoni.

"Kabula," alisema kwa sauti ya chini. "Hili ni la nani?"

"La Nelly."

Waliokuwa karibu walisikia, wakaangalia kando. Masanja alikuwa amesimama nyuma ya mkewe, mikono imemlegea. Klementina alichuchumaa ili aweze kusema bila kusikika na watu wengi.

"Nelly tumemzika Jumanne, mdogo wangu. Kopo hili likiingia humu, kuna bakuli huko mbele litakosa. Unajua hivyo."

"Najua." Kabula hakulia. Macho yake yalikuwa makavu na makubwa. "Mlipogawa mara ya kwanza alikuwepo, mayu. Alikuwa mgongoni kwangu. Fungu lake hakupewa. Sasa mmesema tusizungumze ya kwanza. Nami sizungumzi. Nimeleta bakuli lake tu."

Klementina alibaki amechuchumaa. Alikuwa ameahidi mbele ya kijiji kizima. Mstari wote ulikuwa unangoja, na kila bakuli mbele yake lilikuwa mdomo unaopumua. Akatafuta ndani ya akili yake sehemu ambako mwanamke huyu angeweza kwenda kudai, ofisi, kikao, fomu, na hakuiona. Alikuwa ameivunja sehemu hiyo mwenyewe siku ya Alhamisi, kwa maneno mawili.

Akamimina kopo kwenye bakuli la njano. Katika mzunguko wa pili akamimina tena, na wa tatu, na wa nne, na kila mara Kabula alilitazama kopo mpaka punje ya mwisho ishuke.

Kwenye mzunguko huo wa nne gunia la mwisho lilikung'utwa. Vijana waliligeuza, wakalipiga mgongoni, wakaokota punje zilizodondoka kwenye mchanga. Klementina alikuwa amefika kwenye mlingoti. Alijaza bakuli la kwanza la mzee Eustaki, la pili, la tatu, la nne, na la tano kwa punje zilizookotwa. La sita lilibaki na makopo matatu.

Mzee Eustaki aliinuka kwenye kiti, akainama, akalichungulia.

"Hili limepungua," alisema.

"Yamekwisha, mzee," alisema Klementina.

"Sisemi hayajaisha. Nasema limepungua." Aligeuka kwa Valentino, mpole vilevile, mkono kifuani. "Afisa, mimi sigombi na mtu. Nimekaa mwisho kama nilivyoombwa. Ila naomba iandikwe kwamba nimepungukiwa kopo moja, ili msaada mwingine ukija nifikiriwe kwanza."

Valentino alimtazama Klementina, akatazama bonde lililofurika nyuma yake, kisha akatoa karatasi kwenye mkoba. Ilikuwa fomu ya moshi iliyobaki tupu. Hapakuwa na karatasi nyingine kavu. Akaipindua upande wa nyuma, akaipigia mstari kwa rula, akaandika juu yake: Waliopungukiwa.

"Muandike, bibi shamba," alisema kwa uchovu. "Anaomba haki yake."

Klementina aliweka kopo chini. Uwanjani watu walikuwa wameanza kuinua mabakuli yao na kuondoka, na Kabula alikuwa tayari kwenye tuta la reli, na lile bakuli la njano amelishika peke yake kwa mikono miwili. Aliwaza majina yote ambayo yangefaa kuwa juu ya karatasi ile. Yalikuwa mengi, na wenyewe hawakuja kuyasema; wengine walikuwa wanaogopa karatasi, na mmoja hakuwahi kuandikwa popote.

Akapokea kalamu. Akaandika jina la mzee Eustaki, na mbele yake, kopo moja. Alingoja kidogo, labda mtu mwingine asogee. Hakusogea mtu, na Valentino akaichukua fomu ikiwa na jina hilo moja, akaikunja, akaitia mfukoni.